Miguu ya Nyuma ya Profesa

Shieywe, Kakamega
10 Mei 2025

Kwa mkwe wangu Elvis,

Pokea salamu za mama mkwe wako. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yameanza kujua mvua kabla ya watangazaji wa redio. Natumaini wewe na Beverly hamjambo, mjukuu wangu Abigail anakula vizuri, na mahindi ya Likuyani yameshapaliliwa. Mzee Khaemba, baba yako, mfikishie heshima zangu.

Usishtuke kuona barua. Simu nimeishika zaidi ya mara moja nikairudisha mezani, kwa sababu sikujua mama mkwe na mkwe huambiana nini wakishamaliza kuulizana hali. Kwenye karatasi angalau hakuna anayelazimika kuangalia chini.

Habari yenyewe ni kwamba mwisho wa Novemba nastaafu. Maktaba ya chuo nitamwachia mkutubi mwingine, nami nirudi Khwisero kwenye boma la marehemu mume wangu nikafuge kuku. Kuacha vitabu hakuniumizi sana. Kinachoniuma ni Jumamosi. Lile shirika letu dogo la Changamka bado lipo, na wanafunzi bado wanaenda kuwachangamsha watoto waliolazwa, sasa hata pamoja na wenzao wa chuo cha ualimu na cha uuguzi. Wapishi wa chuo wanachangia mandazi, walimu wanachangia vitabu vya picha. Wana moyo, siwezi kuwanyima hilo. Ila wanaingia wodini na fulana mpya na baluni, wanapiga picha na watoto, wanaondoka, na watoto wanabaki wakiangalia baluni zikinywea.

Wiki jana Lynette, mwenyekiti wao, aliingia stoo ya maktaba kutafuta viti akatoka na kichwa cha Profesa. Pembe moja imelegea na panya wamekula sikio, lakini ni yeye. Akaniuliza ni kitu gani. Nikamweleza kwamba zamani tulikuwa na fahali aliyeingia wodini kupigana na watoto, na kwamba alishindwa na kila mtoto, hata yule ambaye angeweza kunyoosha kidole kimoja tu. Akishashindwa alitimua mbio kama fahali wa mapigano ya Shinyalu aliyeaibishwa mbele ya watu, na mtoto aliyemshinda akaimbiwa na wodi nzima tukipiga mabeseni, maana wauguzi walikataza ngoma za isukuti zisiingie. Nikamwambia ndani ya blanketi la Profesa mbele nilikuwa mimi, nyuma alikuwa mwanafunzi wa hisabati aitwaye Elvis.

"Na huyo Elvis ako wapi, Madam? Si tumwite?"

"Alimwoa binti yangu."

"Si hiyo ni poa? Basi ni mtu wa nyumbani."

Ni mtoto wa Nakuru, hakuelewa. Ilibidi nimweleze kwamba huku kwetu mkwe hamshiki mama mkwe hata mkono, hali naye meza moja, wakikutana njiani mmoja anapisha. Sembuse aingie naye chini ya blanketi moja amshike mshipi. Lynette alicheka mpaka akakaa sakafuni, na kusema kweli nilichukia kidogo.

Sikuandikii nikuombe lisilowezekana. Nataka kumfundisha mtu mwingine miguu ya nyuma, ili Profesa aingie wodini mara moja zaidi mimi nikiwa bado ndani yake. Nieleze ulikuwa ukifanyaje. Nilikuwa mbele, sikukuona hata siku moja.

Mama mkwe wako,
Dorothy


Likuyani
24 Mei 2025

Kwa Mama mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo. Abigail ameng'oka jino la mbele na ameniagiza nikuambie mapema, usije ukamshangaa. Beverly bado anauza dawa za mifugo pale sokoni, mimi bado nafundisha hisabati kwa watoto wasioitaka. Mahindi tumepalilia. Pole sana kwa magoti.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena. Beverly akaniuliza, "Ni nini hiyo unachekanga peke yako?" Nikampa. Alipofika kwa panya na sikio akafuta macho, akanirudishia.

Umeniuliza kazi ya miguu ya nyuma, nami nitajibu, ila unisamehe kwa kutaja mambo ambayo mkwe hayataji. Huyo mtu asivae viatu vya soli ngumu. Ashike mshipi, asishike nguo. Paji la uso aliegemeze mgongoni kwa wa mbele, kisha asisikilize maneno kabisa, asikilize pumzi. Kabla hujageuka ulikuwa unavuta pumzi ndefu. Kabla ya kukimbia ulikuwa unazuia kicheko, na mgongo ulitetemeka. Basi. Hayo ndiyo niliyoyajua, na sina hakika kama yanafundishika.

Jambo jingine huyo mtu ajiandae nalo ni kwamba hataona chochote. Miaka yote minne ya chuo sikuona uso wa mtoto hata mmoja nikiwa kazini. Nilijua sakafu, magurudumu ya vitanda na slipa za wauguzi. Nilikuwa nasikia kicheko kikianza upande mmoja nisijue ni cha nani. Halafu tukitoka tulikuwa tunakaa kwenye ukuta mfupi karibu na jiko la hospitali, wewe na chai yako, mimi nimelowa jasho, unaanza kunisimulia: yule wa mguu uliofungwa juu alifanya hivi, yule asiyeongea na mtu alifungua mdomo hivi. Ulikuwa unaigiza nyuso zao zote. Wodi ile niliijua kupitia mdomo wako, Mama, na mpaka leo nikimaliza kazi ya shamba Jumamosi huwa nahisi kuna mtu alitakiwa kuniambia jambo.

Hapo ukutani ndipo Beverly alipotukuta akikuletea chakula. Aliniangalia kuanzia juu hadi chini akasema, "Kumbe ndiyo huyu matako ya Profesa." Shida yetu yote ilianzia hapo, na siijutii.

Nakutakia kila la heri na mtu mpya. Mwambie asiogope giza.

Mkwe wako,
Elvis


Shieywe, Kakamega
5 Julai 2025

Kwa mkwe wangu Elvis,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yako. Mwambie Abigail jino lipya litatoka, na asiliguse kwa ulimi. Mimi naendelea, nikiwa na alama ya bluu kwenye kiwiko ambayo nitakueleza ilivyopatikana.

Mtu mpya tulimpata. Anaitwa Tyson, anasomea uhandisi, kijana mpole lakini mrefu kupita kiasi, hata Profesa akawa na kiuno kirefu kuliko kichwa. Tulifanya mazoezi kwenye kibaraza cha maktaba na nikaona tutafika. Wodini tulipita vitanda viwili vizuri. Kwenye cha tatu nikamsikia chini ya blanketi, "Madam, sasa tunaenda wapi?" Nikavuta pumzi ndefu. Akauliza tena, kwa sauti zaidi. Kitoto kimoja kikasema, "Ng'ombe inaongeanga na matako," na wodi ikacheka, lakini ilikuwa kile kicheko cha kitu kilichoharibika. Kisha akanikanyaga sketi tukaanguka wote, na kichwa kikabingirika mpaka chini ya kitanda. Muuguzi mkuu alinisaidia kuinuka akaniuliza taratibu kama kwa umri wangu hiyo kazi siwezi kuiachia vijana.

Nilimshukuru Tyson, nikampa soda. Si kosa lake. Nilivuta pumzi na hakuna aliyeisikia.

Sasa Elvis, acha niseme jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, wala Beverly. Siku mlipokuja kwetu kuposa nilitoka jikoni nikakuona katikati ya wajomba zako, umevaa suti ya kuazima, na kwa mazoea nikakunyooshea mkono. Shangazi yake Beverly akaudaka ule mkono akaurudisha chini, kama unavyomzuia mtoto asiguse jiko. Wewe ukaangalia viatu vyako. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Tangu hapo sijakuangalia usoni vizuri. Krismasi unaleta sukari na unga, unakula na wanaume kule nyumba ndogo, mimi nakupelekea kuku kwa mkono wa mtu mwingine, halafu nasikia ukicheka kupitia ukuta.

Nilipata mkwe mwema. Hunywi, humpigi mwanangu, mjukuu wangu anakupenda. Lakini siku hiyo nilimpoteza rafiki, na hakuna aliyenipa pole, kwa sababu ilikuwa sherehe.

Nilisema sitaomba. Naomba. Jumamosi moja tu kabla ya Novemba kuisha, uje uwe miguu ya nyuma. Nikishatoka chuoni sitakuwa na haki ya kuingia na Changamka wodini tena, na sitaki Profesa aishie kwenye sakafu kichwa kikiwa chini ya kitanda.

Mama mkwe wako,
Dorothy


Likuyani
19 Julai 2025

Kwa Mama mkwe mheshimiwa,

Shikamoo, na pole sana kwa kuanguka. Beverly anasema upake mafuta ya taa kwenye kiwiko, mimi nasema uende ukaonwe na daktari. Sisi ni wazima.

Nilimweleza baba. Sikuona njia nyingine, maana jambo kama hili lingemfikia tu, na ni afadhali alisikie kwangu. Tulikuwa tukitengeneza ua. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Chini ya blanketi?"

Nikasema ndiyo.

"Unashika wapi?"

Nikasema mshipi. Akaweka nyundo chini akaenda kuangalia ng'ombe wake wa kweli, na hakurudi kwenye ule ua siku hiyo. Kesho yake akawaita baba zangu wadogo wawili. Hawakunigombeza. Walisema kama ingekuwa salamu ya mkono, watu wa mjini siku hizi wanasalimiana, na wao wangefumba macho. Lakini blanketi moja, kiuno, mbele ya hadhara, hapana. Mmoja akaniambia, "Kama unataka kuwa ng'ombe, kuwa, lakini na mtu mwingine." Baba akaongeza kwamba Abigail naye kuna siku ataolewa na watu watakumbuka nyumba aliyotoka.

Siwezi kumvunjia baba heshima, na wewe pia sitaki nikuvunjie yako kwa kisingizio cha mchezo. Nisamehe, Mama. Na kwa kuwa umesema la kwako, nami niseme langu: siku ile nilikuwa naangalia viatu kwa sababu machozi yalikuwa karibu, na mwanaume anayeposa hatakiwi kulia. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyepotelewa.

Mkwe wako,
Elvis


Shieywe, Kakamega
2 Agosti 2025

Kwa mkwe wangu Elvis,

Salamu. Kiwiko kimepona.

Barua yako nimeipata. Wazee wamesema na mimi sibishani na wazee, najua wana sababu yao, hata mimi nimewafundisha wanangu hayo hayo. Kichwa nimekirudisha stoo. Lynette ameagiza baluni zenye umbo la ng'ombe kutoka Nairobi, ni maridadi.

Usijisumbue kujibu. Mbusu Abigail.

Mama mkwe wako,
Dorothy


Likuyani
18 Oktoba 2025

Kwa Mama mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Hatujambo, na mavuno ni mazuri kuliko mwaka jana. Natumaini magoti yanakuruhusu.

Uliniambia nisijibu nami nikatii Agosti yote na Septemba yote. Sasa Beverly amenikataza kutii. Amekaa hapa kando yangu, na kila nikiandika sentensi anaisoma.

Ilikuwa hivi. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, yeye kwa kasi ya ajabu, na wewe unamjua mwanao, akishika kazi hivyo kuna kitu kinapikwa. Akasema, "Mama ni mama yangu. Mimi si naweza kumshika?"

Nikasema anaweza.

"Na wewe ni bwana yangu. Si unanishika?"

Nikasema hilo nalo ni kweli.

"Basi niweke katikati."

Nikamwambia ng'ombe atakuwa na miguu sita. Akaniuliza kama kuna mtoto mgonjwa ninayemjua ambaye atakataa ng'ombe kwa sababu hiyo. Nikaendelea kupukuchua.

Kwa baba hakunituma, alienda mwenyewe. Alimkuta ameketi na chai, akapiga magoti akamweleza. Mzee akaweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Blanketi ni moja?" Beverly akasema hapana, ni mbili, moja iliyotoka kwa mama yake na moja yetu, na zimeshonewa pamoja pale alipo yeye. Kwa kweli hakuwa ameshona chochote, alishona jioni hiyo hiyo ili asiwe amemdanganya mzee. Yetu ni kahawia, nyingine ni ile nyekundu uliyotupa siku ya harusi, kwa hiyo Profesa atakuwa wa rangi mbili. Baba aliomba azione, na kesho yake tukampelekea. Akazishika pale kwenye mshono, akazivuta kuona kama zinashika, akasema, "Katikati kuna mwenyewe. Hapo sina neno." Tulipokuwa tunaondoka akaniita akaniuliza kama ng'ombe wa namna hiyo angelima haraka zaidi.

Tumekuwa tukifanya mazoezi kwenye stoo ya mahindi. Abigail ndiye mgonjwa, anatushinda kila siku na anadai kuimbiwa nyimbo zote. Beverly anacheka ovyo na anakosea kushoto, lakini miguu yake ina nguvu.

Kama moyo bado uko, mwambie yeye kwa simu ni Jumamosi gani. Mimi nitakuwa nyuma, sitasema kitu.

Mkwe wako,
Elvis


Shieywe, Kakamega
23 Novemba 2025

Kwa mkwe wangu Elvis,

Natumaini mlifika salama na Abigail hakutapika njiani. Mimi nimeamka magoti yamevimba kama mandazi na sijali. Wafikishie wazee wa Likuyani salamu zangu zote, na Mzee Khaemba mwambie nimemshukuru kipekee.

Jana tulipotoka sikuweza kuzungumza nawe. Ulisimama kule getini, mimi nikasimama kwenye ukuta wetu na chai yangu, na katikati Beverly anakula mandazi ya watoto. Nilitaka kukuambia, nikaona wanafunzi wanatutazama, nikaona haya. Kwa hiyo nakuandikia sasa, kabla sijafunga vitu vyangu, kwa sababu wewe hukuona kitu.

Tulipoingia mlangoni kulikuwa kimya kabisa. Ulikisikia kile kimya? Kilitokana na kwamba walikuwa wanahesabu. Msichana mwenye plasta shingoni alikuwa ananyoosha kidole, midomo inatembea, na alipofika mwisho akamwambia muuguzi kwa upole, "Sista, hii ng'ombe ni mgonjwa. Iko na miguu sita." Yule muuguzi mkuu, ambaye hacheki, alitoka nje akajishikiza ukutani akicheka. Kitanda cha pili kijana mdogo akawaambia wote watulie, si ugonjwa, ni ndama yuko ndani. Ndipo Beverly aliponifinya, maana ndama mwenyewe ni yeye.

Yule mliyesikia watu wakimwita Bravin amefungwa bandeji mikono yote miwili, aliungua. Hakuwa na kidole cha kunyoosha. Wenzake walianza kumtetea kwamba apitwe. Yeye akaniangalia kwenye mdomo wa Profesa, akajaza mashavu, akapuliza. Nilirudi nyuma na ninyi mkarudi nyuma mpaka tukagonga kabati la dawa, kwa hiyo sasa unajua ni nini kilitupiga. Alikaa juu ya mto akiimbiwa, amenyoosha shingo kama diwani aliyeshinda kura. Lynette alikuwa anapiga beseni kwa mikono yote miwili. Simu aliisahau juu ya dirisha, na nadhani hakuna picha hata moja ya jana.

Sasa nikwambie la kitanda cha mwisho. Huko kulikuwa na msichana mdogo sana ambaye hakucheka. Alitazama tu. Nilipomkaribia akaweka kiganja chake kwenye pua ya Profesa akakiacha hapo, bila kusukuma, anamsalimia. Niliuona uso wake wote kupitia tundu la mdomo, na nikajua ni uso wa mwisho nitakaouona kutokea ndani humo. Machozi yakaja yote kwa mara moja. Sikuona kitanda, sikuona njia, na goti la kulia likaanza kuniacha. Sikuvuta pumzi wala sikutoa sauti.

Nimemuuliza Beverly. Anasema hakujua lolote, alidhani ni mchezo unaendelea, alikuwa bado anasukuma kwenda mbele. Ni miguu ya nyuma iliyosimama. Ilikaza sakafuni ikamvuta yeye, naye akanivuta mimi, nikarudi wima. Kisha nikasikia mkia unachapwa huku na huku na wodi nzima ikageuka kuangalia upande wako, na hakuna mtoto aliyekiona kichwa cha Profesa kimeinama kinatetemeka. Ulinipa muda wote niliouhitaji. Nilipojifuta na kuvuta pumzi, ukaanza kutembea.

Hukuwa umenishika, Elvis. Kati yetu kulikuwa na mtu mzima anayecheka, na mshono wa blanketi mbili. Wazee hawana la kutulaumu hata kidogo.

Kichwa nimemwachia Lynette. Ameshapata watu watatu, wawili ni mtu na dada yake, na anasema miguu sita ndiyo watakayoendelea nayo.

Wiki ijayo nitakuwa Khwisero. Nawe Krismasi utakuja, utakula kule nyumba ndogo na wanaume, nami nitakutumia kuku kwa mkono wa Abigail, na nikikusikia ukicheka kupitia ukuta sitahuzunika kama zamani. Miaka hii yote nilikuwa nikiangalia mbele, nikidhani nyuma hakuna mtu.

Mama mkwe wako,
Dorothy